Mstari Uliochorwa Usoni mwa Mashine

Mashine nyingi za kuchomelea za TIG za siku hizi zina mchoro mdogo usoni. Ni mstari mmoja tu: unaanzia chini kushoto, unapanda kwa muda mfupi, unatambaa juu, unashuka taratibu, kisha unaishia chini kulia. Kando yake kuna taa ndogondogo, na kila ukibonyeza kitufe taa inahama kutoka hatua moja kwenda nyingine. Asiyeijua kazi ataona pambo. Anayeijua anaona maisha yote ya mshono, tangu gesi inapoanza kutoka hadi inapokatika, na anajua kwamba kila pembe ya mstari ule iliwekwa kwa sababu pale ndipo metali ilipowahi kuwashinda watu.

Naipenda kazi hii kwa ajili ya mchoro huo. Katika uchomeleaji wa kawaida, ule unaotengeneza mageti na madirisha katika kila mtaa wetu, fundi anachagua ampea, anagusa chuma kwa ufito, anaendelea. Moto, metali ya kujazia na kinga dhidi ya hewa vyote vimo ndani ya ufito mmoja wenye koti lake. TIG imevitenganisha vitu hivyo vitatu. Moto unatoka kwenye ncha ya tungsteni isiyokusudiwa kuyeyuka, kinga inatoka kwenye mtungi wa gesi ya agoni, na waya wa kujazia unashikwa na mkono wa pili. Vikishatengana, kila kimoja kinaweza kurekebishwa peke yake bila kuvivuruga vingine. Ndiyo sababu ya vitufe vingi, na ndiyo sababu mkono wa fundi mzuri unaonekana waziwazi hapa kuliko katika uchomeleaji mwingine ninaoujua.

Njia yenyewe ilitokana na shida ya ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, katika kampuni ya Northrop huko California, Russell Meredith alitafuta namna ya kuunganisha magnesi, metali nyepesi sana lakini inayoshika moto upesi ikikutana na hewa katika joto kali. Akatumia ncha ya tungsteni na kuizungushia heliamu, gesi isiyoungana na kitu, na njia hiyo ikaitwa Heliarc. Baadaye agoni ikashika nafasi kubwa. Ni karibu sehemu moja kati ya mia ya hewa tunayovuta, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa kwa zaidi ya theluthi, inatulia juu ya kazi badala ya kupaa. Katika karakana za Dar es Salaam na Nairobi wengi hawasemi TIG. Husema tu kwamba kazi hii ni ya agoni, na kila mtu anaelewa kuwa ni stenlesi au alumini, na kwamba bei yake si ya geti.

Tuanze katikati ya mstari, pale palipo tambarare, maana ndipo kila mgeni anapopeleka macho. Hapo panakaa ampea. Kwa chuma cha kawaida mafundi hukadiria ampea 40 hivi kwa kila milimita ya unene: bati la milimita 2 litataka karibu 80, la milimita 3 karibu 120. Stenlesi inataka pungufu kidogo, kwa sababu joto halisafiri upesi ndani yake. Linabaki pale lilipowekwa na kulundikana. Alumini ni kinyume kabisa. Inalivuta joto na kulitawanya kwenye kipande chote, hivyo mwanzoni inadai umeme mwingi, na muda mfupi baadaye, kipande kikishapata moto, ampea zilezile zinakitoboa. Tena haitoi ishara. Chuma huwa chekundu kabla ya kuyeyuka, lakini alumini hukaa na rangi yake ileile mpaka ghafla inaanguka.

Kwa hiyo fundi mwenye kanyagio la mguuni haichukulii namba ya ampea kuwa amri. Kwake ni kikomo cha juu. Anaweza kuweka 130 na kufanya kazi nzima kati ya 80 na 110, akikanyaga na kuachia huku macho yakiwa kwenye dimbwi la metali iliyoyeyuka. Ukimtazama kutoka nje huoni mguu ukisogea. Unachokiona baadaye ni mshono wenye upana mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kwenye kipande kilichoanza kikiwa baridi na kumalizika kikiwa hakishikiki. Upana huo usiobadilika ndio unaonivutia kuliko mng'ao.

Kuna jambo jingine kuhusu ampea ambalo kioo cha mashine hakilionyeshi. Mashine ya TIG imeundwa kushikilia mkondo uleule hata mkono ukitikisika. Ncha ikiinuka mbali na kazi, volti zinapanda, moto unatanuka, na joto linamwagika eneo pana zaidi, huku namba kwenye kioo ikibaki ileile. Mafundi wazuri huikalisha ncha karibu mno na kazi, umbali usiozidi sana unene wa tungsteni yenyewe, milimita 1.6 au 2.4. Anayelalamika kwamba mashine haina nguvu, mara nyingi mkono wake uko juu.

Kabla ya ampea kuna swichi inayochagua DC, mkondo wa upande mmoja, au AC, mkondo unaogeukageuka, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo akili ya mashine hii inapoonekana. Kwenye DC tochi, ile inayoshika ncha, huunganishwa upande hasi. Takriban theluthi mbili za joto zinaangukia kwenye kazi na ncha inabaki salama. Hivyo ndivyo vinavyochomwa chuma na stenlesi. Ukigeuza nyaya tochi ikawa chanya, joto hilo linairudia ncha, na hata tungsteni, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, kiwango kisichofikiwa na metali nyingine yoyote, inaanza kuviringana na kuharibika. Lakini upande huo chanya una faida moja ambayo upande hasi hauna: unaupasua utando wa oksidi ulio juu ya metali na kuuondoa.

Utando huo ndio mzizi wa taabu zote za alumini. Unatokea wenyewe, mara tu metali inapokutana na hewa, hata kama umetoka kuikwangua sasa hivi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Utando wake husubiri hadi zaidi ya 2,000. Anayeichoma kwa DC hasi anaona metali ikilainika chini ya utando na kugoma kuungana. AC inautatua ugomvi huu kwa kugawa zamu. Katika nusu moja ya wimbi tochi ni chanya na utando unapasuliwa. Katika nusu ya pili tochi ni hasi, joto linazama kwenye kazi na ncha inapata nafuu.

Mashine za zamani za transfoma zilipokea mawimbi kama yalivyokuja kutoka kwenye nguzo, 50 kwa sekunde, na zikayapeleka hivyo hivyo. Kila wimbi lilipopita sifuri moto ulielekea kuzimika, kwa hiyo ilibidi uchochewe upya bila kukoma kwa umeme wa volti nyingi. Mashine za inveta zinafanya vingine. Zinaugeuza umeme wa ukutani kuwa DC kwanza, kisha zinaukatakata upya kwa swichi za kielektroniki, kwa kipimo chochote kilichoombwa. Kutokana na hilo vikapatikana vitufe viwili ambavyo kwenye transfoma nyingi havikuwapo: uwiano wa AC na masafa ya AC.

Uwiano ni swali la zamu: tochi ikae hasi kwa muda gani na chanya kwa muda gani. Kazi nyingi za alumini safi huenda vizuri upande hasi ukipewa asilimia 65 hadi 75. Ukiuongezea mno upande chanya, ncha inavimba na kuwa duara, na kando ya mshono panatokea ukanda mpana mweupe uliofubaa. Ukiupunguza mno, vidoa vyeusi vinaanza kuelea kwenye dimbwi na waya wa kujazia unakataa kuingia. Humu kuna mtego unaowanasa hata wenye uzoefu wanapohamia mashine ngeni. Watengenezaji wengine huhesabu asilimia ya upande hasi, wengine huhesabu asilimia ya usafishaji. Namba 30 kwenye mashine moja ni sawa na 70 kwenye nyingine. Fundi mwangalifu husoma kijitabu cha mashine kwanza, au anachoma mstari mmoja kwenye kipande cha kutupa na kuitazama ncha yake inavyokuwa.

Masafa yanahusu umbo la moto. Kwenye mawimbi 60 kwa sekunde moto ni mpana na laini. Kwenye 120 unakusanyika, unakuwa mwembamba na kwenda pale unapoelekezwa. Hata sauti inapanda kadiri masafa yanavyopanda, na mwenye masikio mazuri anajua mashine imewekwaje kabla hajaisogelea. Faida yake inaonekana kwenye kona ya ndani, pale mabati mawili ya alumini yanapokutana. Moto mpana unapanda juu ya kuta zote mbili na kuacha shina la kona likiwa halijayeyuka. Moto uliokusanyika unaingia mpaka shinani.

Mapigo nitayapitia haraka, ingawa yanasifiwa sana, kwa sababu naona yanatumiwa mno na wanaotafuta sura nzuri. Mashine inapanda na kushuka kati ya ampea mbili: tuseme 100 juu na 30 chini, ikikaa juu kwa asilimia 40 ya muda. Wastani wake ni ampea 58, ambazo bati jembamba linaweza kuzivumilia, na bado kila pigo lina nguvu ya kuyeyusha hadi ndani. Kwa kasi ya pigo moja hadi mawili kwa sekunde mshono unajipanga kama magamba ya samaki. Kwa stenlesi nyembamba za jikoni mwa hoteli hiyo ni neema ya kweli, maana bati halipindi. Kwa kipande kinene ni pambo.

Sasa tuje kwenye ncha mbili za mstari, mwanzo na mwisho. Ukinionyesha mishono miwili na kuniomba nichague fundi, nitaitazama miisho yake kabla ya kuitazama sehemu ya kati.

Kabla ya moto kuna gesi ya kutangulia, sehemu ndogo ya sekunde, ili hewa iliyomo ndani ya bomba la tochi ifukuzwe. Kisha moto unawashwa, ama kwa volti nyingi zinazoruka pengo bila ncha kugusa kazi, ama kwa kugusa na kuinua. Njia ya kwanza ni safi zaidi, ila huvuruga redio na vifaa vya kielektroniki vilivyo karibu. Ya pili haisumbui jirani, lakini inataka mkono mtulivu. Kisha mkondo unapanda polepole hadi kwenye tambarare. Kupanda huko kunaikinga ncha isishtuke, na kunampa fundi nafasi ya kuona kwamba yuko mahali sahihi kabla metali haijayeyuka.

Mwisho ni mgumu zaidi. Metali iliyoyeyuka inapoganda inasinyaa. Alumini hupoteza takriban asilimia 6 ya ujazo wake. Ukikata moto ghafla, dimbwi linaganda kutoka kingoni kuelekea katikati, na katikati panabaki shimo dogo lenye ufa wa nyota. Ufa huo unaweza kulala kimya, kisha mtikisiko wa gari au wimbi la bahari ukaurefusha hadi tangi likavuja. Dawa yake ni ule mteremko wa kulia wa mchoro: mkondo unashuka kwa sekunde mbili, tatu, hata tano, huku fundi akiongeza tone la mwisho la waya ili kulijaza shimo kabla halijafunga.

Asiye na kanyagio anafanya haya yote kwa kidole. Ndiyo kazi ya swichi iliyoandikwa 2T na 4T. Kwenye 2T unabonyeza na kushikilia. Ukiachia, mteremko unaanza. Kwenye 4T kitufe kimoja kinabeba mazungumzo marefu: bonyeza, mkondo mdogo wa kuanzia unawaka, achia, unapanda hadi ampea za kazi, na kidole kinapumzika, bonyeza tena, unashuka hadi mkondo mdogo wa kumalizia, achia, unazimika. Kwa mshono mrefu wa mita nzima 4T huokoa mkono usichoke. Kwa vipande vifupifupi 2T inatosha, na hakuna aibu kuitumia.

Moto ukizimika, gesi inaendelea. Wapo wanaoipunguza gesi hii ya kumalizia ili mtungi udumu, na naelewa kwa nini; agoni ni ghali na wauzaji wake si wengi. Lakini ncha ingali ina moto na mshono ungali unataka kinga. Kipimo cha wengi ni sekunde moja kwa kila ampea 10, na tochi haiondolewi juu ya kazi mpaka gesi ikate yenyewe. Fundi akiinua mkono mapema, tungsteni inakuwa ya buluu au nyeusi, na kuwasha kunakofuata kunakuwa na uchafu. Gesi aliyoiokoa inaishia kwenye jiwe la grainda.

Stenlesi haifichi kitu katika hili. Mshono uliolindwa vizuri hubaki wa rangi ya fedha au dhahabu hafifu. Kadiri hewa na joto vinavyozidi, rangi inakwenda kwenye kahawia, zambarau, buluu, na mwisho kijivu kisicho na uhai. Watu hupenda buluu na zambarau, hata huzipiga picha. Ukweli ni kwamba rangi hizo ni oksidi, na zinapokuwa nzito maana yake kromu imevutwa juu kutoka kwenye metali iliyo chini yake, ile kromu ambayo ndiyo inayoizuia stenlesi isishike kutu. Reli ya ngazi inayotazama bahari, Zanzibar au Mombasa, itaanza kutoa michirizi ya kahawia pale pale kwenye rangi ambayo haikusafishwa. Kwa mabomba ya kiwanda cha maziwa upande wa ndani nao lazima ujazwe agoni, la sivyo nyuma ya mshono panaota punje nyeusi, na mabaki ya maziwa yatajificha humo. Na tangi likiwa kubwa kiasi cha mtu kuingia, agoni hiyohiyo inayolinda metali inaifukuza hewa ya kuvuta. Haina rangi wala harufu, na haimpi mtu onyo. Hakuna haraka ya mteja inayotosha kumfanya fundi aingie humo kabla tangi halijapitishwa hewa safi na kupimwa.

Kiasi cha gesi hakiwekwi kwenye uso wa mashine bali kwenye geji ya mtungi, lita 7 hadi 10 kwa dakika kwa kikombe cha kawaida cha tochi. Kuongeza zaidi kunaonekana kama kuongeza kinga, kumbe gesi inayotoka kwa kasi inazunguka na kuivuta hewa ndani. Karakana nyingi za pwani ziko wazi pande mbili au tatu, na upepo wa kusi ukishika, hakuna namba ya geji itakayousaidia mshono. Kinachosaidia ni bati lililosimamishwa upande wa upepo.

Mfano wa namna fundi anavyofikiri niliuona kwenye karakana moja ya Mombasa, palipokuwa panaundwa tangi jipya la maji la boti, alumini ya milimita 3. Vidoa vyeusi vikaanza kuonekana kwenye dimbwi. Kijana wa fundi akauliza, "Fundi, tuongeze ampea?" Akajibu, "Bado," na hakugusa kitufe. Alizima, akaikagua ncha, akaona haikugusa dimbwi. Akapitisha vidole kwenye bomba la gesi kutoka tochini hadi mtungini. Akalisugua bati upya kwa brashi ya stenlesi inayotumika kwa alumini peke yake, akalipangusa, akachoma mstari mfupi kwenye kipande cha pembeni. Vidoa vikapungua lakini havikuisha. Hapo ndipo akagusa uwiano, kutoka 75 hadi 70, kitufe kimoja tu, akachoma mstari wa pili kando ya ule wa kwanza ili aione tofauti. Dimbwi likang'aa. Akamweleza kijana kwamba angegeuza vitufe viwili kwa pamoja asingejua ni kipi kilichomsaidia.

Ubavuni mwa mashine yake kulikuwa na safu za namba zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: unene, kipimo cha tungsteni, ampea, uwiano, masafa, sekunde za kumalizia. Nyingine zilikuwa zimekatwa na kuandikwa upya, kwa maana bati la muuzaji mmoja si bati la mwingine, na umeme wa saa mbili usiku haufanani na wa saa sita mchana. Kwenye mstari wa alumini ya milimita 3 akaikata 75, akaandika 70, akarudi kwenye tangi na kuanzia kona ya pili.